Ngano nimeacha, usingizi haujaniacha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kirumba hapa Mwanza, na kazi yangu ni ukarani kwa tajiri mmoja wa dagaa pale Mwaloni. Naandika magunia yanayoingia na yanayotoka, uzito wake na jina la mwenye mzigo. Si kazi ya kubeba. Nakaa kwenye kiti, kivulini. Ndiyo maana nikisema nimechoka watu wananiangalia tu.

Kwa miaka mingi tumbo lilinitesa. Kujaa gesi, kuhara kunakokuja na kuondoka, kukonda mpaka sketi zinanidondoka. Nimetibiwa taifodi, nimetibiwa amiba, nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikanywa dawa zote hizo na miti shamba juu yake. Mwaka jana damu ikaisha kabisa nikalazwa na kuongezewa, ndipo daktari mmoja kijana akaagiza kipimo cha damu ambacho sikuwahi kukisikia. Baadaye nikamezeshwa mpira wenye kamera, wakakata vinyama vidogo kwenye utumbo. Majibu yakasema nina ugonjwa wa seliaki. Nikaambiwa ngano basi, maisha yangu yote: mkate, chapati, maandazi, keki, tambi. Akanieleza harakaharaka kwamba ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na mwili wangu ukikutana nacho unageuka kuushambulia utumbo wenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, nikatoka.

Shangazi, ngano nimeacha. Chapati za Baba Kabula nazisukuma kwa mkono wangu na sionji hata kipande. Tumbo limepoa kiasi, uzito umerudi kidogo. Lakini usingizi! Ikifika saa tano asubuhi macho yanakuwa mazito. Juzi nilikuwa naandikisha mzigo wa mteja kutoka Ukerewe, nikashtuka tajiri ananigusa bega. Nikatazama daftari: kalamu imeandika "gunia 1", halafu imechora mstari unaoteremka mpaka nje ya ukurasa, na mteja amesimama mbele yangu ananikodolea macho. Kwenye daladala napitilizwa kituo kila mara. Usiku nalala saa tatu, naamka saa kumi na moja nikiwa hoi kama niliyekesha. Nikipanda kilima cha nyumbani, miguu haibebeki na moyo unaenda mbio. Kazini wameshanibatiza Mama Usingizi.

Si kwamba sijitunzi. Jirani yangu ananiuzia unga wa lishe anaouchanganya mwenyewe, mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele na vingine vingine, nakunywa kikombe kikubwa cha uji asubuhi na kingine usiku ili nipate nguvu. Vidonge vya kuongeza damu nilipewa, nameza nikikumbuka, tena na chai ya maziwa, maana bila chai vinanichafua roho. Mchana nakula ugali na sangara wa kukaanga kwa mama ntilie. Kabla ya kulala nameza piritoni, kwa sababu vumbi la dagaa linaniwasha pua mpaka macho.

Baba Kabula ni mtu mzuri ila naona na yeye amechoka. Ananiuliza, "Hivi huu ni ugonjwa au umezoea?" Mama mkwe ndiyo kabisa, anasema nimejifunza ugonjwa wa mjini ili nisipike. Na rafiki yangu kazini ameniambia seliaki ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika hapati, niende nikaombewe. Kuombewa sijakataa. Ila nataka kujua: usingizi huu ni wa ugonjwa huohuo au nina kingine? Utaisha lini? Na la mwisho, mimi ni Mkatoliki, nimeambiwa hata hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, ni ngano. Nifanyeje?

Mama Kabula, Kirumba

—

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Na hongera, maana kusukuma chapati kila siku bila kuonja si jambo dogo.

Huo si uvivu, na hujazoea. Uchovu ni moja ya dalili zinazolalamikiwa sana na wenye seliaki, na wapo wanaobaki nao hata baada ya tumbo kutulia. Wengine tumbo haliwaumi hata siku moja. Wanafika hospitali kwa sababu ya uchovu na upungufu wa damu tu. Kwa hiyo ndiyo, usingizi wako unaweza kuwa unatoka huko. Lakini sitaki uishie hapo, useme "basi ndivyo nilivyo", ukakaa nao. Mimi nimevaa sare ya unesi miaka mingi, barua yako nimeisoma kalamu mkononi, na kuna sehemu nimezipigia mstari. Mstari mzito kuliko yote upo chini ya maneno mawili: vingine vingine.

Unga wa lishe unaouzwa mitaani mara nyingi una ngano. Watu wanaamini kadiri nafaka zinavyokuwa nyingi ndivyo uji unavyokuwa na nguvu, kwa hiyo ngano nayo inatupiwa humo, kilo moja, nusu kilo. Kwa mtoto asiye na tatizo, hakuna shida. Kwako wewe ni balaa. Nenda kwa jirani leo, bila ugomvi, umuulize: "Dada, humu umeweka ngano?" Akikujibu "kidogo tu", hesabu hiyo kidogo pamoja nami.

Kikombe kikubwa cha uji kinakula vijiko vinne vya unga vilivyojaa, gramu 40 hivi. Tuseme ngano ni sehemu moja katika kumi, yaani gramu 4. Karibu sehemu ya kumi ya ngano hiyo ni gluteni, kwa hiyo asubuhi umekunywa kama miligramu 400, na usiku 400 nyingine. Sasa sikia: watafiti waliwapa wagonjwa wa seliaki miligramu 50 tu za gluteni kwa siku kwa miezi mitatu, na utumbo wao ukaonyesha madhara. Chakula kinachoruhusiwa kuuzwa kwa jina la kisicho na gluteni, kwa viwango vya kimataifa, hakitakiwi kuzidi miligramu 20 katika kilo nzima. Umeacha chapati kwa uchungu wote ule, na huenda unainywa ngano kwenye kikombe mara mbili kwa siku, tena kama dawa.

Hata akikuapia kwamba hakuweka, bado kuna mashine ya kusagia. Ile mashine inasaga mahindi ya huyu, muhogo wa yule, na ngano ya anayetaka unga wa brauni. Unga uliobaki kwenye jiwe na kwenye mfuko unaingia kwenye mzigo wa anayefuata. Nenda sokoni ununue ulezi, mahindi na mchele mwenyewe, upembue, uoshe, uanike mahali ambapo hapana mtu anayeanika ngano. Kisha tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Zipo zinazosaga dona na sembe tu. Ukikosa, mwambie kijana wa mashine apitishe kwanza kilo kadhaa za mahindi yako, unga huo wape kuku, ndipo asage wa kwako. Atakucheka. Mwache acheke. Lakini njia hiyo inapunguza tu, haimalizi, kwa hiyo mashine isiyoguswa na ngano ndiyo ya kuitafuta.

Sangara wa mama ntilie naye anahitaji maswali. Wengi wanampaka unga wa ngano ili asishike kwenye kikaango na apate rangi, na mafuta yaleyale asubuhi yalikaanga maandazi na sambusa. Wewe uko Mwaloni, samaki wamekuzunguka; mwombe akuchemshie sato chukuchuku au akuchomee, chumvi na limau vinatosha. Viungo vya mchuzi vya pakiti, soma maandishi nyuma. Mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo kariri haya manne: wheat ni ngano, barley ni shayiri, rye ni nafaka ya jamii hiyohiyo, na malt kwa kawaida ni kimea cha shayiri. Ukiliona lolote, rudisha pakiti. Bia za kawaida zinatengenezwa kwa shayiri, kama huwa unaonja kwenye sherehe. Kimea cha ulezi cha togwa ya nyumbani hakina neno, alimradi ulezi haujachanganyika na ngano.

Na chapati za Baba Kabula? Hapo nitakuwa mkali. Ukikanda ngano, unga unaruka, unakaa kwenye meza, kwenye kucha, kwenye mwiko. Kuugusa kwa ngozi hakukudhuru, ila mkono huohuo unaokota kipande cha samaki, na unga ulio hewani unaishia kinywani. Baba Kabula ana mikono miwili. Akitaka chapati azisukume mwenyewe au anunue barabarani, na kikaango cha chapati kiwe chake peke yake.

Sasa damu. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijinyuzi vilivyosimama kama nyuzi za taulo jipya, na ndivyo vinavyonyonya chakula. Seliaki inavilaza na kuvimaliza. Sehemu ya mwanzo ya utumbo, hapo tu chakula kinapotoka tumboni, ndiyo inayoumia zaidi, na ndiyo hiyohiyo inayonyonya madini ya chuma. Ndiyo maana damu yako iliisha. Chuma kikipungua, damu haibebi oksijeni ya kutosha. Misuli inalegea, kichwa kinakuwa kizito, na moyo unalazimika kukimbia ili kufidia. Huo moyo unaokwenda mbio kwenye kilima umenifanya nikuombe urudi hospitali wiki hii. Usisubiri mwisho wa mwezi.

Ukifika, usikubali kupimwa wingi wa damu peke yake ukaambiwa "damu ipo". Wingi wa damu unaweza kuwa umepanda huku ghala la chuma mwilini likiwa tupu, na ghala likiwa tupu mtu anaweza kuendelea kuwa hoi. Kipimo cha ghala kinaitwa feritini, omba kwa jina hilo. Feritini nayo hupanda ukiwa na homa au uvimbe mahali fulani mwilini, kwa hiyo ukiwa na malaria siku hiyo mwambie daktari asije akadanganyika na namba nzuri.

Vidonge vyako unavimeza kwa njia ya kuvipoteza, mwanangu. Majani ya chai yana vitu vinavyokishika chuma kisinyonywe, na maziwa nayo yanazuia. Utumbo wako ulioumia unanyonya kidogo, hicho kidogo nacho unakifungia mlango. Meza kidonge kwa maji, pamoja na chungwa au maji ya limau, chai ikae mbali kwa saa moja au mbili. Kikikuchafua roho, kula kitu kidogo kwanza, au umuulize daktari kama unaweza kumeza siku moja na kupumzika inayofuata. Kwa watu wengi hufanya kazi vizuri na tumbo halilalamiki sana. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Na damu ikirudi sawa usiache; kwa kawaida dawa huendelea kama miezi mitatu zaidi ili kujaza ghala. Ukimeza ipasavyo na bado namba hazipandi, ipo chuma ya kuwekwa kwenye mshipa, ambayo haihitaji kupita utumboni. Iulizie.

Jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi: unga wa ngano wa viwandani hapa Tanzania huongezwa chuma na foliki asidi kwa mujibu wa kanuni za nchi. Ukiuacha, umeacha na hivyo. Kwa hiyo lazima uvitafute kwingine, na hapo kanda ya Ziwa tuna neema. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wanakupa madini ya chokaa, ambayo nayo wenye seliaki hupungukiwa mpaka mifupa inakuwa dhaifu. Maini, nyama, maharage, choroko, mchicha, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa). Ugali wa mtama au muhogo, wali, ndizi, viazi vitamu, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), vyote havina gluteni kwa asili yake. Mgonjwa wa seliaki wa Ulaya anayelia kwa ajili ya mkate angekuonea wivu kwa sahani ya Kisukuma.

Piritoni inaleta usingizi, na uzito wake unaweza kukufuata mpaka kesho yake mchana. Mwambie mfamasia akupe dawa ya mzio isiyosinzisha sana, loratadini kwa mfano, na uvae barakoa dagaa wanapomwagwa. Hili unaweza kulifanya leo jioni.

Umeuliza kama una kingine. Inawezekana, na kuwa na seliaki hakukukingi na magonjwa ya kwetu. Unaishi kandokando ya Ziwa: kichocho kinadhoofisha na kupunguza damu, safura vilevile, kwa hiyo choo kipimwe. Malaria ipimwe, na VVU kama hujapima karibuni. Hedhi ikiwa nyingi, sema. Wanawake wengi wanaificha na huku ndiyo inayomwaga chuma yote. Pima na mimba, usinicheke. Halafu kuna yale yanayopenda kuongozana na seliaki. La kwanza ni tezi ya shingoni, tairoidi, kufanya kazi chini ya kiwango, maana mwili unaokosea na kuushambulia utumbo hukosea pia na kuishambulia tezi hiyo. Mtu anakuwa na usingizi, anaona baridi hata mchana wa Mwanza, ngozi inakauka. Kipimo chake ni cha damu na dawa yake ni kidonge. Kisukari, vitamini B12, foliki asidi na vitamini D navyo viangaliwe. Kama pesa haitoshi vyote kwa mara moja, anza na picha kamili ya damu, feritini na tairoidi.

Kuna tofauti nataka uichunguze mwenyewe kabla hujaenda, kwa sababu daktari akikuuliza itamsaidia. Uchovu ni mwili kukosa nguvu hata ukiwa macho makavu. Kusinzia ni macho kufumba yenyewe, kalamu mkononi. Wewe unaelekea una vyote viwili. Kusinzia kwa namna hiyo kunataka tujue usiku wako ukoje hasa, na wewe huwezi kujua maana umelala. Mpe Baba Kabula kazi hiyo. Asikilize kama unakoroma sana, kama pumzi inakatika halafu unashtuka kama unayekabwa, kama miguu inarusharusha. Pumzi kukatika usingizini ni ugonjwa kamili, una matibabu yake, na humfanya mtu asinzie mchana hata akilala kwa muda wa saa kumi nzima. Nina sababu nyingine ya kumpa kazi hiyo: mwanaume aliyekesha akihesabu pumzi za mkewe hatamuuliza tena kama amezoea.

Kuna kipimo kimoja zaidi. Kile cha damu kilichogundua ugonjwa mwanzoni kinapima kingamwili, na kinaweza kurudiwa ili kuona kama kinashuka. Kikiwa bado juu, ngano bado inaingia mahali. Kikishuka na bado unasinzia, tutajua adui ni mwingine. Kipimo hiki si cha kila maabara, kwa hiyo ulizia kliniki ya magonjwa ya tumbo kwenye hospitali ya rufaa ya kanda pale Bugando, na uende na karatasi zako zote za mwaka jana, hata zile zilizokunjika.

Utaisha lini? Chuma ikirejea, wengi huanza kuona mwanga ndani ya wiki chache. Utumbo wenyewe unachukua muda mrefu: kwa mtu mzima kupona kwake kunaweza kuchukua miaka miwili au zaidi, na saa inaanza kuhesabu siku gluteni ilipokoma kweli. Wewe, kama uji ule una ngano, saa yako bado haijaanza. Wachache hubaki na uchovu kidogo hata mambo yote yakiwa sawa. Nakuambia ili usije ukajiona mkosaji.

Huku tukisubiri, kazini omba daktari akuandikie barua, umpe tajiri mkononi mwenyewe. Mizigo mikubwa ya kuhesabu iwe asubuhi kabla ya saa tano. Baada ya chakula cha mchana lala dakika 20, kichwa mezani, mtu akuamshe. Ukizidisha utaamka mzito zaidi. Bodaboda usipande hadi hali ibadilike, maana kusinzia nyuma ya pikipiki ni kuanguka lami. Jikoni usikae peke yako na mafuta ya moto.

Huyo rafiki wa "ugonjwa wa Wazungu" mwambie hivi. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 100 duniani ana seliaki. Kundi lililopatikana na kiwango kikubwa kuliko yote halipo Ulaya, lipo Afrika: ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, ambao walipopimwa watoto wao, zaidi ya 5 kati ya 100 walikutwa nayo. Kwetu haijaonekana sana kwa sababu hatukula ngano sana zamani, na kwa sababu anayeharisha na kukonda tunamtibu taifodi na amiba, kama ulivyotibiwa wewe. Hata Ulaya kwenyewe walikaa gizani muda mrefu. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa anaishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa kubwa ya vita ikaipiga nchi yake mwaka 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika, na watoto waliokuwa wagonjwa wa seliaki wakapata nafuu, wakati kila mtu mwingine anateseka kwa njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 akaandika matokeo ya uchunguzi wake. Kwa hiyo dawa yako ilivumbuliwa na watoto wasio na mkate, si na watu wa mjini wasiotaka kupika. Hilo la mwisho mpelekee mama mkwe, kwa adabu.

Lakini mama mkwe hatageuzwa na hadithi ya Uholanzi. Atageuzwa na mwanawe. Nenda na Baba Kabula kliniki, aingie chumbani, asikie kwa daktari kwa masikio yake, kisha yeye ndiye amwambie mama yake. Wewe usijibizane. Na umwambie Baba Kabula jambo moja linalomhusu moja kwa moja: ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, yaani watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja, takriban mmoja kati ya kumi huwa naye anao. Kabula na mwenzake wapimwe hata kama wanacheza na kukimbia. Wasiachishwe ngano kabla ya kupimwa, hapo wengi wanakosea kwa nia njema. Mtu akiacha ngano kwanza, kipimo kinaweza kuonyesha hana wakati anao.

Hostia. Ni kweli, ni ngano, na Kanisa linataka iwe ngano. Hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa Misa, Vatikani ilikumbusha hivyo kwa barua ya mwaka 2017. Lakini barua hiyohiyo inakubali hostia yenye gluteni kidogo sana, na mlei anaruhusiwa kupokea kwa divai peke yake. Ni Komunyo kamili, hujapunjwa kitu. Hostia za aina hiyo hazipatikani kila parokia, na kwa hali yako ya sasa divai ni salama zaidi. Mwone padri sakristia kabla ya Misa, siyo kwenye foleni ya Komunyo watu wakisubiri nyuma yako. Mwombe kikombe cha peke yako, kwa sababu kwenye kikombe chake yeye hudondosha kipande cha hostia baada ya kuimega, na kile kipande kinatosha kukurudisha nyuma.